KUMZURU MGONJWA ALIYEPUNGUKIWA NA KINGA YA MWILI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa jumuiya, Kanombe

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kwanza yatupasa kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana leo hali ya kuwa wazima, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, yeye na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wakuu wa jumuiya wameniomba niseme machache katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulisikia kutoka kinywani mwa shekhe, kwani mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Lakini haya nitakayoyasema nimeyauliza kwa wenye ujuzi, nikayauliza tena mpaka nikayafahamu, na sababu iliyonifanya niulize nitawaeleza bila ya kuficha.

Sisi watu wa Kanombe tunakaa jirani na hospitali ya jeshi. Zamani mtu wa nchi hii aliyehitaji matibabu ya mionzi kwa maradhi ya saratani ilimlazimu asafiri nchi za nje. Tangu mwaka 2019 mionzi hiyo inatolewa hapa hapa kwetu. Kabla yake, mwaka 2012, kilifunguliwa kituo cha matibabu ya saratani huko Butaro, wilaya ya Burera. Kwa hiyo wagonjwa wa saratani si watu wa kusikiwa habari zao kwa mbali tena. Wapo katika mitaa yetu, wamefikia kwa jamaa zao, na baadhi yao tulikuwa tukisimama nao safu moja katika sala.

Mmoja wao ni rafiki yangu wa tangu utotoni. Alipoanza kutiwa dawa za saratani mshipani, tulikwenda kumzuru nyumbani kwake, watu kumi na mmoja, siku ya kumi baada ya dawa. Tulipeana mikono na kukumbatiana kama ilivyo desturi ya nchi yetu, tukajaa chumbani mwake na madirisha yamefungwa. Mimi siku ile nilikuwa na mafua na kikohozi. Nilijiambia ya kuwa kikohozi si udhuru wa kumwacha ndugu yako, nikakaa karibu na kichwa chake nikamwombea dua ndefu.

Siku ya tatu yake akashikwa na homa usiku. Watu wa nyumbani wakampa vidonge vya kushusha homa, wakasema wangoje kupambazuke. Kulipopambazuka hakuweza kusimama. Alilazwa siku nyingi, na dawa zake za saratani zikasimamishwa mpaka apate nguvu. Alhamdulillahi, hakufa, lakini tabibu alituambia ya kuwa saa chache zaidi zingalitosha kumwua.

Nilimwuliza tabibu yule kama homa ile ilitoka kwangu. Akanijibu kwa insafu ya kuwa hakuna awezaye kujua, kwani mara nyingi vijidudu vinavyomshambulia mgonjwa wa namna hii hutoka katika mwili wake mwenyewe, katika matumbo yake au ngozi yake. Lakini akaniuliza: "Shekhe, ukijua ya kuwa mlango wa nyumba umevunjika, utapeleka mgeni usiyemjua alale humo?" Swali hilo ndilo lililonisukuma nitafute elimu.

Sasa sikilizeni jinsi jambo lenyewe lilivyo. Mwenyezi Mungu ameweka katika damu ya binadamu chembechembe nyeupe, nazo ni mfano wa askari wa boma. Aina moja katika hizo huzaliwa kwa wingi kila siku ndani ya uboho wa mifupa, na huishi muda mchache. Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana upesi. Saratani huzaliana upesi, lakini na uboho nao huzaliana upesi. Basi dawa hupiga adui na askari pamoja. Ndiyo maana nywele huanguka na kinywa hufanya vidonda. Kwa dawa nyingi za namna hii, askari hao hupungua kabisa baina ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, kisha hurudi polepole. Tazameni basi: sisi tulikwenda siku ya kumi.

Katika mwaka 1966, tabibu mmoja wa Marekani jina lake Gerald Bodey pamoja na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 52 wa saratani ya damu. Walihesabu askari hao wa damu na kuandika kila maradhi ya kuambukiza yaliyompata kila mgonjwa. Ikadhihirika ya kuwa kadiri askari wanavyopungua ndivyo maradhi yanavyozidi, na kadiri upungufu unavyochukua siku nyingi ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Mpaka leo waganga hushika hesabu: askari wakiwa chini ya 500 katika ujazo wa milimita moja ya damu, mgonjwa yumo hatarini.

Hapo zamani mgonjwa wa namna hii alipopata homa, waganga walichukua damu yake wakaiotesha ili waone ni kijidudu gani, na kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Wengi walikufa kabla ya jibu kutoka. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake walionyesha ya kuwa ni bora kuchukua damu, kisha kumpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu papo hapo bila ya kungoja jibu. Vifo vikapungua sana. Tangu hapo ndiyo kanuni: mgonjwa aliyetiwa dawa za saratani akifikia joto la digrii 38, afike hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku wa manane, na inafaa apate dawa katika muda wa saa moja. Vidonge vya kushusha homa nyumbani huficha moto bila ya kuuzima.

Msidhani ya kuwa elimu hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Jirani zetu wa Uganda wana sehemu kubwa ndani yake. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa nchi hizi. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari kwa muda wa majuma kumi pamoja na wenzake wawili, akipita hospitali baada ya hospitali mpaka kusini mwa Afrika, ili ajue uvimbe huo uko wapi na hauko wapi. Aliona ya kuwa unafuata nchi za joto na mvua, na kwamba nchi za juu zenye baridi zina salama nao. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vikijulikana. Baadaye ikafahamika ya kuwa malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto, na virusi hivyo hupata nafasi. Kumbe si saratani peke yake ifunguayo mlango kwa maradhi ya kuambukiza; na maradhi ya kuambukiza nayo huweza kuifungulia mlango saratani.

Mwaka 1967 ilifunguliwa taasisi ya saratani pale Mulago, na mwaka 2015 likafunguliwa jengo la uchunguzi na matibabu lililojengwa kwa ushirikiano wa taasisi hiyo na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani. Kazi yao khasa ni saratani zinazotokana na maambukizo. Nasi Rwanda tulitangulia katika jambo moja: mwaka 2011 nchi yetu ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuwachanja wasichana wa nchi nzima chanjo ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Baba atakayemzuia binti yake na chanjo hiyo kwa ajili ya uvumi, na aulizwe hoja yake.

Kuna maadui wengine waliolala ndani ya mwili miaka mingi, wakaamka askari wanapopungua. Virusi vya homa ya manjano ya ini aina ya B ni mmoja wao. Kifua kikuu ni wa pili. Na wako minyoo wadogo wanaoingia kwa ngozi ya mguu, wakakaa tumboni miaka na miaka bila ya kumsumbua mtu, kisha dawa za kutuliza kinga zikitolewa wakaenea mwili mzima. Kwa hiyo tabibu akikuomba damu au choo kabla ya kuanza matibabu, usione ni usumbufu. Vilevile ndugu zetu wenye virusi vya UKIMWI wasiache dawa zao, kwani hizo ndizo zinazowarudisha askari bomani.

Sasa nirudi kwenye dini yetu. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, wala sikuja hapa kuivunja. Lakini makusudio ya kuzuru ni kumfaa mgonjwa. Mtume wetu alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kwa ngamia wazima, na aliyekula kitunguu kibichi alimwambia asikaribie msikiti ili asiwaudhi watu kwa harufu. Ikiwa harufu ina hukumu yake, je, kikohozi chenye kuweza kuua? Na Sayyidna Umar alipokuwa safarini kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alishauriana na watu kisha akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu ya kuwa kurudi nako ni kadari yake, akapiga mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye majani upande mmoja na ukavu upande wa pili. Basi asiseme mtu ya kuwa kujihadhari ni upungufu wa imani.

Kwa hiyo nawaomba tushike adabu hizi. Kabla ya kwenda, tuwaulize wanaomuuguza kama siku hizo zafaa. Mwenye mafua, kuhara, homa au upele asiende. Apeleke salamu kwa simu. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Tuingie mmoja mmoja au wawili, tunawe mikono kwa sabuni, tuvae barakoa, madirisha yafunguliwe, na tusikae muda mrefu. Tusimpelekee maziwa mabichi wala nyama isiyoiva barabara. Maziwa yachemshwe na matunda yaoshwe na kumenywa. Maji ya kusomewa yawe yamechemshwa, na tusiyatemee mate. Mgonjwa akiambiwa na tabibu asifunge, au asihudhurie Ijumaa, hiyo ni ruhusa aliyopewa na sheria, na atakayemlaumu ndiye mwenye makosa. Na kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na kipimajoto, na jumuiya yetu iwe na mwenye gari aliye tayari kuitwa usiku. Haya ya gari nawaachia wakuu wa jumuiya leo hii. Tusiondoke bila ya kuandika majina.

Rafiki yangu ameanza tena dawa zake. Ijumaa iliyopita nilikwenda kwake, nikasimama uani, yeye akakaa dirishani, tukazungumza kama nusu saa na dua nikaisoma nikiwa pale pale. Aliniambia: "Shekhe wangu, leo umenizuru kweli. Waambie na wenzako." Nami nimewaambia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maiti wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie sisi tuwe rehema kwa ndugu zetu wala tusiwe balaa juu yao. Amin.