Dawa Zinapotuliza Kinga ya Mwili

Leo tunazungumza nawe unayemtunza mgonjwa wa miasthenia gravisi, ugonjwa unaofanya kope zianguke, sauti ififie na mikono ichoke upesi.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu dhidi ya viini, humgeukia mwenyewe. Hushambulia mahali neva zinapopasha misuli habari, na misuli hulegea kadiri inavyotumika.

Dawa iitwayo piridostigmini huongeza nguvu kwa saa chache tu, na haipunguzi kinga. Prednisoloni na azathioprini ndizo hutuliza wale askari walioasi. Lakini dawa hizi hazichagui. Huwatuliza hata askari wema, na viini hupata mwanya. Kwa hivyo, mama, zingatia mambo manne.

Kwanza, usingoje homa kali. Prednisoloni inaweza kuificha homa. Ukiona kikohozi, kidonda chenye usaha au maumivu ya kukojoa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kikohozi kikifika wiki 2, aombe kupimwa kifua kikuu. Maambukizi huweza kuzidisha ulegevu hadi kwenye misuli ya kupumua.

Pili, taja ugonjwa wake kabla ya sindano au tembe yoyote. Kwinini, jentamisini na siprofloksasini huweza kumlegeza zaidi. Usimnunulie dawa dukani kwa kukisia.

Tatu, chanjo zenye viini hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, asipewe kabla daktari wake hajakubali. Lakini watoto wa nyumbani wamalize chanjo zao. Ile ya surua na rubela hutolewa wakiwa na miezi 9 na miezi 18. Mtoto aliyekingwa si rahisi kumletea nyanya yake surua.

Nne, na hili ndilo kubwa: usimwachishe prednisoloni ghafla. Huenda uso ukavimba, au majirani wakasema dawa ndiyo inayommaliza. Je, uifiche kabatini? La, hasha! Mwili uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla huweza kuishiwa nguvu kabisa, na ugonjwa wenyewe ukarudi kwa kishindo. Hata akiwa na homa, aendelee kuimeza huku mkienda hospitali. Daktari ndiye hupunguza kipimo, polepole.

Akishindwa kumeza, kukohoa au kumaliza sentensi bila kuhema, usingoje kupambazuke. Tafuta gari usiku huo huo, na ubebe dawa zake zote pamoja na kadi ya kliniki.

Nawa mikono kwa sabuni, mpe chakula safi kilichoiva vizuri, na mwenye mafua asimkaribie. Kinga yake imepungua. Wewe mlezi ndiwe ngao yake.