Toeni Kaseti Zenu



Filamu tutakayoitazama leo ni Soul Power, ya tamasha la Zaire 74, Kinshasa, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974. Pambano la ngumi la Ali na Foreman, ambalo tamasha liliandaliwa pamoja nalo, lilikuwa limeahirishwa, kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki haukungoja. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba. Wetu Wakongo walikuwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti Masikini, Zaiko Langa Langa. Wamama mliocheza nyimbo zao, leo msikae chini!

Ila kuna jambo linaniuma. Filamu ilitoka 2008, na sehemu yake kubwa ni ya wageni. Albamu ya wanamuziki wa Kiafrika wa tamasha lile ilitoka 2017, miaka 43 baadaye. Franco alikwisha kufa tangu 1989, Abeti 1994, Tabu Ley 2013. Hawakuishika mkononi.

Ikiwa hao, waliopigwa picha na kamera za dunia, walingojeshwa hivyo, bendi zetu za Goma zilizopiga kwenye harusi na baa bila kamera hata moja zitakumbukwa na nani? Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilimeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, na anayekimbia lava hubeba mtoto, habebi santuri. Januari 2025 vita vikaingia mjini, watu wakakimbia tena.

Kinyume chake, mwanamuziki Remmy Ongala, mwana wa Kindu, alihamia Dar es Salaam akaimba kwa Kiswahili. Rekodi zake zipo, ndiyo maana hata vijana wetu waliozaliwa huku wanamjua. UNESCO nayo iliitambua rumba yetu Desemba 2021. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini UNESCO haitakuja kufungua sanduku la baba yako.

Kwa hiyo nawaomba: kaseti mlizotoka nazo nyumbani, zileteni mkutano ujao, vijana wazinakili kwenye kompyuta. Na kama unamjua mzee aliyepiga gitaa Goma, mpigie simu wiki hii. Muulize jina la bendi, nani aliimba, mwaka gani, na umrekodi akijibu.