Buibui Mwenye Mlango

Leo tunamzungumzia buibui asiyetandaza utando kwenye pembe za nyumba. Huyu huchimba shimo, huzipaka kuta zake nyuzi laini, kisha juu huweka mlango: mfuniko wa nyuzi na udongo, na bawaba yake kabisa. Ukifungwa, unaweza kuukanyaga usijue.

Mwaka 1974, huko Australia ya Magharibi, mtafiti Barbara York Main alianza kuwafuatilia buibui hawa katika kipande cha pori kati ya mashamba ya ngano. Kila shimo alilipa namba. Namba 16 alikuwa jike, bado kitoto. Miaka ikapita, watafiti wanarudi, na Namba 16 yumo katika shimo lile lile. Alifika miaka 43! Wapo watu wazima wanaonisikiliza ambao hawajafika hapo.

Jike hahami. Akikua, hupanua shimo. Usiku hukaa mlangoni, vijiti na majani vimetandazwa kuuzunguka. Mdudu akigusa kijiti, yeye huhisi mtikisiko, huchomoka, humnyakua na kurudi ndani. Dume ndiye huondoka: akikomaa huenda kutafuta jike, na hadumu sana baada ya hapo. Vitoto navyo huchimba vishimo vyao si mbali na mama.

Hapo ndipo penye hatari. Sehemu kubwa ya pori la eneo lile ilifyekwa ili ilimwe ngano. Trekta likipita juu ya mashimo, ukoo mzima hupotea, na buibui wa mbali hawawezi kuja upesi kujaza nafasi. Namba 16 alidumu kwa sababu kipande chake kiliachwa.

Mwaka 2016 watafiti walikuta mfuniko wake umetobolewa na shimo halina mwenyewe. Dalili zilikuwa za nyigu, wale ambao mabuu yao humla buibui.

Jamaa za buibui huyu wapo hata Afrika yetu. Kwa hiyo mzazi, mwanao akiona kifuniko kidogo au tundu ardhini, mwambie aangalie tu, asiingize kidole wala kijiti. Si kwa ajili ya buibui peke yake. Tundu hilo laweza kuwa la nge au nyoka. Mtoto akiumwa, mtulize, osha jeraha kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja. Msimchanje, wala msinyonye jeraha.