Kelele Si Ubaridi: Namna ya Kuchagua Kipoza Joto cha Kompyuta ya Mezani

Mada kwa walaji wa Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida



Mada niliyopewa yaweza kuonekana ndogo, kwa kuwa inahusu kifaa kilichofichika ndani ya kasha la kompyuta: feni moja na mapezi ya alumini. Lakini katika wilaya yetu kompyuta moja ya steshenari hubeba shughuli za watu wengi. Kijana wa Sepuka huitumia kuomba mkopo wa elimu ya juu. Mwalimu wa Ihanja huchapa hapo mitihani. Mkulima wa alizeti hutoa hapo nakala ya mkataba wake. Ikizimika kwa joto siku ya mwisho ya maombi, hasara haimwangukii mwenye duka peke yake.

Tuanze na jina

Wengi wetu huliita kasha zima la kompyuta "sipiyu". Kwa hakika jina hilo ni la kipande kidogo kilicho ndani, ambacho mafundi hukiita prosesa, nacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Mteja akiagiza kwa simu "feni ya sipiyu", muuzaji aweza kumtumia feni ya nyuma ya kasha, na kifurushi kikishafika kwa basi, nauli ya kukirudisha ni juu ya nani? Agizeni hivi: "kipoza joto cha prosesa", kisha tajeni aina ya prosesa na ya kompyuta yenyewe.

Kazi ya kipoza joto

Karibu umeme wote unaotumiwa na prosesa hugeuka joto. Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini zimepangiwa wati 65, na joto hilo hutokea chini ya kifuniko kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Kutoka hapo hupita katika utando mwembamba wa pesti, likaingia kwenye kitako cha shaba au alumini, likatawanyika katika mapezi, na mwisho likachukuliwa na upepo wa feni. Hatua moja ikikwama, zote zimekwama.

Prosesa ikizidiwa haiungui mara moja. Kwanza hupunguza kasi yake ili ijiokoe; ndiyo maana kompyuta huwa nzito saa za mchana kisha huchangamka asubuhi. Nyingi hufikia ukomo wao karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima.

Ikungi ina mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni vumbi: kiangazi chetu ni kirefu na upepo wa Singida mnaujua. La pili halionekani. Tupo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ileile, kwa mizunguko ileile, hubeba joto pungufu hapa kuliko Dar es Salaam.

Kabla ya kununua, chunguza

Debe tupu haliachi kuvuma. Feni inayopiga kelele haipozi zaidi. Mara nyingi inalia kwa sababu haifiki mwisho wa kazi yake. Basi usikimbilie dukani. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua kasha, na utazame.

Mapezi yakiwa yamezibwa na vumbi, yasafishe kwa brashi laini na pampu ndogo ya upepo, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate ni maji. Wala usiipeleke kompyuta kwenye mashine ya upepo ya mafundi wa matairi: upepo wake ni mkali mno na mara nyingi huja na maji au mafuta.

Mapezi yakiwa safi na joto likabaki, huenda pesti imekauka. Fundi akiondoa kipoza joto, afute pesti ya zamani kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ya njegere. Kuipaka nene hakuongezi ubaridi.

Mwisho, izungushe feni kwa kidole. Ikikwaruza au ikichezacheza, bushi yake imekwisha. Tone la mafuta ya cherehani ni tiba ya muda tu. Feni hiyo ibadilishwe. Na kama hitilafu ni ya feni peke yake, uliza kama inauzwa bila mapezi yake.

Yote hayo yakifanyika, walaji wengi watakuta kwamba hawahitaji kununua kifaa kipya.

Ukilazimika kununua, angalia mambo matano

Kwanza, kitoshee. Tundu la prosesa kwenye ubao mkuu lina jina lake, na kipoza joto hutengenezwa kwa majina maalumu. Kwa mfano, katika bodi za prosesa za Intel, nafasi kati ya matundu ya skrubu ni milimita 75 kwa LGA1151 na milimita 78 kwa LGA1700. Tofauti ya milimita 3 yatosha kukifanya kifaa kipya kisifungike. Pima pia kimo. Kipoza joto cha mnara chenye feni ya milimita 120 kwa kawaida husimama milimita 150 hadi 160, hivyo hakiingii katika kasha jembamba. Kompyuta nyingi zilizotumika ofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk za umbo dogo, mara nyingi huhitaji kipoza joto na plagi ya feni vya aina yake. Kwa hizo, tafuta kipuri chenye namba ileile iliyobandikwa kwenye kile cha zamani.

Pili, wati. Kipoza joto kiwe na uwezo unaozidi wati za prosesa. Kwa prosesa ya wati 65, chagua kilichoandikwa wati 95 au zaidi. Ziada hiyo huifanya feni ifanye kazi bila kuhemewa, na inafidia wepesi wa hewa yetu.

Tatu, upana wa feni. Feni pana husukuma hewa nyingi kwa mizunguko michache, na mizunguko michache ndiyo utulivu wenyewe. Feni ileile ikipunguziwa mizunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kumbuka kwamba ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama kelele maradufu. Kwa hiyo feni ya desibeli 35 si jirani wa karibu wa feni ya desibeli 25. Kama nafasi inaruhusu, feni ya milimita 120 ni bora kuliko ya 92, na ya 92 kuliko ya 80.

Nne, plagi. Chagua feni ya pini nne, ambayo kompyuta huiongeza na kuipunguza mwendo kulingana na joto. Feni isiyodhibitiwa hukimbia kwa nguvu zote hata wakati umeacha kufanya kazi.

Tano, matunzo. Vipo vipoza joto vya maji, vyenye pampu na mipira. Kwa kazi za steshenari havihitajiki: pampu ikifa hapa hakuna kipuri cha karibu, na maji yakivuja huharibu kompyuta. Mapezi na feni, vilivyo rahisi kusafisha, vinatufaa zaidi.

Nyongeza: kitambaa cha kufumwa ni pambo zuri wakati kompyuta imezimwa. Ikiwashwa, kiondolewe. Kasha likae juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, matundu yakiwa wazi.

Haki zako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kusudi lake na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa aliyouziwa yapaswa kulifaa kusudi hilo. Hivyo usiseme tu "nataka feni nzuri". Andika ujumbe: aina ya kompyuta, aina ya prosesa, kimo cha nafasi iliyopo, na kwamba unataka utulivu. Ambatisha picha. Ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na muda wa dhamana uandikwe. Bidhaa ikiwa ya mtumba, muuzaji aseme hivyo. Ikija isiyo sahihi, usiilazimishe kufungika. Iache kama ilivyo na umjulishe muuzaji siku hiyohiyo. Akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, ukiwa na risiti na ujumbe wako.

Ndugu walaji, pesa ya Ikungi hutoka jasho la shamba na la duka. Sikilizeni kompyuta zenu, lakini msiamini kelele. Safisheni kwanza, pimeni pili, nunueni mwisho.