Siti binti Saad: Kutoka Kuuza Vyungu hadi Sahani za Santuri

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kangeta, Kaunti ya Meru



Kangeta inajulikana kwa miraa. Kila mkazi anafahamu kwamba miraa haingoji: huchumwa, hufungwa, huvikwa majani ya migomba na kupakiwa garini upesi. Hakuna mkulima anayekubali shamba lake lichumwe bure. Lakini sauti ya binti anayeimba kanisani, harusini au kwenye mikutano mara nyingi huchukuliwa bure, na wazazi wengine humwambia aache mchezo atafute kazi. Mazungumzo haya yanamhusu mwanamke aliyeonyesha, karibu miaka 100 iliyopita, kwamba kuimba ni kazi.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Wakati huo utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku Zanzibar. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe na ufinyanzi. Hakusoma shule. Alijifunza kufinyanga vyungu, kisha akawa anavipeleka mjini kwa miguu na kuvinadi njiani. Inasimuliwa kwamba wateja waliijua sauti yake kabla hajafika mlangoni.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa mpangilio na kufuata ala. Jambo hili lisipite hivi hivi. Sauti alizaliwa nayo, lakini ufundi alifundishwa. Akajiunga na wenzake, wakiwemo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban, wakawa kundi moja. Walikutana, wakatunga, wakafanya mazoezi, ndipo wakaitwa kwenye sherehe.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa ya jumba la Sultani na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mchuuzi, mpagazi na mpishi. Hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake uitwao Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam. Mshukiwa alitoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliofungwa. Watu wasiojua kusoma gazeti waliisikia habari hiyo kwa wimbo, wakaulizana haki ilikuwa wapi. Hapo ndipo heshima yake ilipotoka: aliyasema hadharani mambo ambayo wanyonge waliyanong'ona vichochoroni.

Si wote waliompenda. Walikuwepo waliomcheka kwa asili yake ya shamba na ufinyanzi, na kwa sura yake. Hakuacha kuimba.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Sahani hizo zilisambaa pwani na bara, zikasikika katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Wanahabari wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

Wasanii wa leo hawahitaji meli kwenda kurekodi. Simu ya mkononi inatosha, na wimbo ulioimbwa Kangeta asubuhi unaweza kufika Nairobi au ng'ambo kabla ya jua kutua. Wepesi huo una hatari yake: wimbo husambaa, mwenyewe akabaki mikono mitupu.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na shughuli za utamaduni ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki huanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni urithi wa watoto kama lilivyo shamba. Kusajili si lazima, lakini cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, humsaidia mwenye wimbo kunapotokea mzozo. Usajili hufanywa kwa mtandao.

Mambo matatu yafaa kukumbukwa. Kwanza, andika maneno ya wimbo, tarehe, na majina ya wote walioshiriki kuutunga. Pili, kundi likubaliane kuhusu mgao kabla ya kuingia studio, si baada ya pesa kuonekana. Tatu, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kisheria, kumhamishia mtu mwingine hakimiliki hakufai kitu bila maandishi yenye sahihi, kwa hiyo sahihi yako ndiyo mlango. Mpe mtu unayemwamini akusomee kwanza.

Kwa wazazi: binti anayependa kuimba asinyamazishwe. Atafutiwe mwalimu, asimamiwe, na alipwe anapoalikwa. Siti hakuzaliwa na mali wala elimu ya shule. Alipata mwalimu, wenzake wa kuaminika, na ujasiri wa kuimba kwa lugha ya watu wake. Haya yote yanapatikana Kangeta.