Tuhesabu Miche Iliyoshika



Leo tunawasifu wasichana waliosoma. Nitamtaja mmoja, marehemu Profesa Wangari Maathai wa Nyeri. Mwaka 1960 alienda Marekani, akasoma katika chuo cha wasichana cha masista, Mount St. Scholastica. Alipata digrii ya biolojia mwaka 1964. Na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini sikilizeni. Ile miti mamilioni hakuipanda peke yake. Kuanzia 1977 ilipandwa na akina mama wa vijijini kama sisi. Mabwana misitu walisema kazi hiyo inataka watu wenye diploma. Yeye akaona mama anayepanda maharagwe kila mwaka, mbegu anazijua. Na zile senti kidogo walizolipwa zilikuwa za mche ulioshika, si uliopandwa tu.

Basi na sisi tusijisifu kwa miche tuliyopanda siku ya wageni. Januari nani ataimwagilia? Na binti zetu wakirudi kutoka chuoni, tusiwape kiti cha wageni. Tuwape jembe, nao watupe walichosoma.