Drumu Moja, Maiki Mbili
Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya jubilei ya miaka 25

 

Kamati ilituomba tueleze safari ya kwaya tangu mwanzo. Lakini mwenyekiti ameshaiandika vizuri katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, na sisi hatutaki kuwachelewesha na pilau iko jikoni. Tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya kitu kimoja tu. Asubuhi wakati wa maandamano mlisikia nyimbo zetu nane zikitoka kwenye spika, na wengi mmetuuliza tulirekodi studio gani, hasa ile drumu. Jibu ni kwamba hatukwenda studio. Tulirekodi humu ndani mlimoketi, kwa maiki mbili.

Mnakumbuka harambee ya jubilei ilileta shilingi 84,000. Tulikuwa tumeshaongea na studio, siku zimeshapangwa, hata sare zimeshapigwa pasi. Ndipo ndugu yetu wa sauti ya nne, yule aliyeimba besi tangu kwaya ilipoanza, akalazwa hospitali. Tulikutana chini ya mwembe Jumapili baada ya ibada, tukapiga kura kama pesa za studio zilipe bili yake. Kumi na saba walikubali, tisa walikataa. Tuseme ukweli mbele ya Mungu na mbele yenu: sisi tunaoshika daftari la kwaya tulikuwa miongoni mwa wale tisa. Tulisema familia ifanye mchango wake, kwamba jubilei huja mara moja. Maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu za mkutano, tuliyaandika kwa mkono wetu, na hatujayafuta.

Bili ilikuwa shilingi 58,000. Zikabaki 26,000. Kwa pesa hizo tulinunua vitu vya mkono wa pili: kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, maiki mbili nyembamba za aina ya kondensa zinazofanana, na waya. Kisanduku kina matundu mawili tu ya maiki, basi. Studio huweka maiki nane, kumi na zaidi kwenye drumu peke yake: moja kwa kila ngoma, nyingine juu ya matoazi, halafu fundi anakaa mezani akipandisha hii na kushusha ile. Sisi tungekuwa na mbili, na tukishamaliza kupiga hakuna cha kupandisha wala kushusha.

Wapo waliosema tutumie ngoma za kinanda kama kwenye kanda yetu ya kwanza. Wazo halikuwa baya, na lingekuwa rahisi. Lakini mpiga drumu wetu amekuwa akitoka shifti ya usiku hotelini Diani, anapanda matatu na kufika hapa saa tatu Jumapili bila kulala, kwa miaka tisa sasa. Tukiweka kinanda mahali pake tungemwambia nini?

Usiku wa kwanza tulijaribu njia inayoonekana ya kawaida. Maiki moja mbele ya ile ngoma kubwa ya mguu, nyingine juu ya kichwa cha mpigaji. Si njia mbaya. Ngoma ya mguu ilisikika imara, na anayetaka drumu isikike kifuani angeridhika. Lakini vyote vilisimama mahali pamoja, kana kwamba unachungulia drumu kupitia tundu la ufunguo.

Usiku wa pili tukaweka maiki zote mbili juu, moja kushoto na moja kulia, tukakadiria kwa macho. Tulipovaa hedifoni tulifurahi sana: toazi huku, tomu kule, kama umekaa kwenye kiti cha mpigaji mwenyewe. Tukatuma kipande kwenye simu za wanakwaya. Majibu yalirudi haraka. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, ilikuwa imekonda, inalia kama mtu anayegonga sahani ya bati. Tulidhani ni simu zao. Tukasikiliza kwenye simu yetu wenyewe, yenye spika moja: kweli, imekonda.

Hapa tunaomba mtuvumilie, ualimu hautoki mwilini. Sauti ni mawimbi ya hewa. Katika joto letu la Pwani husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Maiki yetu moja ilikuwa sentimita 80 kutoka kwenye snea, nyingine mita moja na 30. Pigo moja likafika kwenye maiki ya pili likiwa limechelewa kwa muda usiofika sehemu mbili za elfu ya sekunde. Mtu hawezi kuuhesabu muda huo, lakini mawimbi yanauhesabu. Wavuvi wa Gazi wanajua wimbi likiinuka mahali ambapo lingine linazama maji hulala. Ukiwa na spika mbili, kila maiki inatoka kwake na kosa linajificha. Zikichanganywa katika spika moja ya simu, mawimbi yanakutana na kuuana, na kilichokufa kwetu ni kile kifua cha snea. Na wengi wenu mtasikiliza kwa simu.

Dawa ni kuhakikisha snea iko umbali sawa kutoka maiki zote mbili, na ngoma ya mguu vilevile. Snea peke yake ni rahisi. Kupata zote mbili kwa pamoja ndiko kulikotutoa jasho, kwa sababu ukisogeza maiki kwa ajili ya moja unaiharibu nyingine. Kuna njia inayojulikana kwa warekodi wengi, ya kupima kwa vijiti vya drumu na kamba, tukaifuata. Maiki ya kwanza tuliiweka juu ya snea moja kwa moja, urefu wa vijiti viwili, ikitazama chini. Ya pili tuliipitisha juu ya bega la kulia la mpigaji, nayo urefu wa vijiti viwili kutoka katikati ya snea, ikiitazama snea ile ile. Ukiitazama unaona haijakaa sawa, moja iko katikati na nyingine pembeni, na mzee mmoja wa kanisa alitaka kuirekebisha kwa nia njema. Tulimzuia.

Ikabaki ngoma ya mguu. Kamba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nailoni na inavutika, kila tukipima tunapata jibu jipya. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, fundi cherehani wa Ukunda mnayemjua kwa sare hizi tulizovaa, akatoa futi yake mkobani. Futi ya fundi haivutiki. Mmoja wetu alishika ncha moja katikati ya snea, mwingine akashika sehemu nyingine ya futi pale nyundo ya ngoma ya mguu inapogonga, na mama akaivuta katikati mpaka ikagusa maiki ya kwanza, akabana pale kwa vidole. Bila wale wawili kuachia, akaipeleka mpaka maiki ya pili. Ikapungua kwa upana wa vidole vinne. Tukasogeza stendi, tukapima vijiti upya, tukarudia futi. Tulirudia mara sita au saba. Mama akasema kwapa la koti humchukua muda mfupi kuliko huu. Ilipokaa, tulipiga kipande kidogo, tukasikiliza kwenye simu, na snea ikawa imerudi na mwili wake.

Lakini jambo ambalo hatukulitarajia lilikuwa kwa mpigaji mwenyewe. Maiki zikiwa juu, matoazi ndiyo yaliyo karibu nazo, na ngoma ya mguu iko chini. Hotelini kuna fundi wa mitambo wa kumsawazisha, na yeye amezoea kuyachapa matoazi ili watalii waliokaa mbali wasikie. Kwetu kila toazi alilolichapa lilimeza nusu ya wimbo. Ilibidi ajifunze upya kwa usiku mmoja: matoazi kwa mkono mwepesi, snea katikati kabisa, mguu mzito na usiobadilika. Alikasirika kidogo. Alisema kwamba kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumwambia matoazi yake yana kelele. Tukanyamaza, maana ni kweli hatukuwahi kumwambia. Tulikuwa tunalalamika sisi kwa sisi kwenye matatu ya kurudi nyumbani. Alitoka nje, akarudi, akapiga wimbo wa tatu mnaousikia kwenye rekodi. Huo tulioubakiza ni ule ule alioupiga aliporudi, hatukurudia.

Ukumbi nao ulitusumbua. Kuta za mawe, sakafu ya simiti, paa la mabati, sauti inazunguka haina pa kutua. Mama zetu walileta leso tukazitundika ukutani kwenye kamba, tukasimamisha magodoro manne nyuma ya drumu, tukatandika mikeka chini. Ndani ya ngoma ya mguu tuliweka mto. Mtoto mwenye mto huo alitudai kwa wiki mbili.

Halafu mbega. Msiokaa Diani mtacheka, lakini mbega akirukia mabati kutoka kwenye mti ni kama amepiga ngoma ya mguu, na hafuati mapigo. Tukahamia usiku, mbega wamelala. Usiku nako stima ilipotea mara mbili, kompyuta ikabaki na betri ya robo. Tulipanga kuanza saa mbili na nusu, majirani zetu msikitini wakiwa wameshamaliza Isha, na tunawashukuru walivyotuvumilia. Usiku mmoja kulikuwa na matanga nyumba ya tatu kutoka hapa. Hatukugusa drumu usiku huo, tulikwenda kuketi na wafiwa. Ndiyo maana wimbo wa nane hauna drumu. Tulikuwa tumeazima stendi za maiki na zilitakiwa kurudi kesho yake.

Mtu asidhani tumebuni jambo jipya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita Kenya na lori lake la mitambo, akarekodi Wakipsigis na wengine, mara nyingi alifanya kazi kwa maiki moja, ameishika mkononi, akiisogeza kuelekea sauti anayoitaka. Rekodi zile zipo hadi leo na zinasikilizwa. Naye Glyn Johns, Mwingereza aliyejulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alipata sifa kwa kurekodi drumu kwa maiki tatu au nne. Sisi tulikuwa na pungufu, lakini tulikuwa na fundi cherehani.

Baada ya drumu na gitaa, maiki zile zile mbili ndizo zilizorekodi sauti za kwaya. Hatukuwa na hedifoni za watu 26. Alizivaa mwalimu wa kwaya peke yake, sisi tukaimba kwa kuutazama mkono wake, bila kusikia ala yoyote. Pale mnaposikia tumechelewa kidogo katika wimbo wa tano, sasa mnajua sababu.

Usiku huo wa sauti, ndugu yetu wa besi alikuwa ametoka hospitali. Alikuja na tuktuk, akiwa amejifunga shuka, akasema ataimba nyimbo mbili. Hakuweza kusimama, tukamwekea kiti mbele kushoto, karibu kuliko wote na maiki ya kushoto. Aliimba wa pili na wa sita. Ni hizo tu. Mwezi wa Desemba tulimzika kwao, na wengi wenu mlikuwepo.

Baada ya siku arobaini mkewe alikuja kutuona. Alikuwa amesikiliza wimbo wa sita kwenye simu, anamsikia lakini mbali, katikati ya watu. Akatuuliza kama tunaweza kuipandisha sauti ya mumewe kidogo. Tukamweleza kwamba kwa maiki mbili haiwezekani, maana watu wote wako pamoja ndani yake, ukimpandisha yeye unawapandisha ishirini na watano wengine. Alishukuru, akasimama aende. Tulikuwa tumeshafika naye getini ndipo tukakumbuka kiti kilikuwa upande gani. Tukamrudisha ndani, tukampa zile hedifoni, tukamwambia aondoe ya kulia, abaki na ya kushoto peke yake.